Mwaka Mmoja Nyuma

Programu iliyokoma Desemba haiwezi kufanya kazi Juni. Hilo Inspekta alilielewa bila kufundishwa, ingawa kwake kompyuta ilikuwa taipureta iliyopewa kioo. Ndiyo maana asubuhi hiyo alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, kwenye ofisi ya watu wanaotengeneza Daftari, programu ya kutunzia majibu ya maabara. Kesho yake saa tatu jalada lake lilitakiwa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na kituoni hakuna aliyedhani bado anahangaika nalo.

Jalada lenyewe lilionekana limekwisha. Mwanamke mmoja, mwalimu wa udereva na mgonjwa wa sukari wa siku nyingi, alikwenda hospitali tarehe kumi na nne akilalamika kizunguzungu. Akalazwa wodini. Karatasi ya maabara ikasema sukari yake ni ishirini na sita, yaani imepanda kupita kiasi. Akachomwa sindano ya kuishusha. Kufika saa kumi alikuwa marehemu. Karatasi ilipochunguzwa, ikaonekana tarakimu ya mwisho ya mwaka imekatwa kwa kalamu na nyingine kuandikwa juu yake. Majibu ya mwaka jana yalikuwa yamefanywa ya mwaka huu.

Zamu ile maabara ilikuwa na mtu mmoja tu, fundi wa miaka hamsini na nane ambaye hospitali nzima ilimwita Babu Darubini. Inspekta alimkamata mwenyewe, tena mbele ya foleni ya wagonjwa walioshika vikopo vyao mkononi. Jioni akaandika: Hakupima damu. Aliona uvivu, akachukua karatasi ya zamani na kughushi tarehe. Aliyapenda maneno yake yakiwa mafupi namna hiyo. Wenzake walimwita Nukta kwa kupenda kwake kila kitu kikae mahali pake.

Kilichomkosesha raha kilikuwa kidogo. Jana yake, kwenye chumba cha vielelezo, aliwasha kompyuta ya maabara ili ipigwe picha. Daftari likagoma kufunguka. Liliandika: Toleo hili lilikoma tarehe 31 Desemba. Tafadhali sasisha. Sasa huyu mzee, tangu Januari hadi Juni, alikuwa akitoa majibu kumi na tano kwa siku kwa kutumia nini?

Msimamizi wa mradi, mwanamume wa miaka arobaini mwenye miwani iliyosukumwa utosini, aliitazama picha ile akacheka. Kisha akakumbuka anacheka na nani.

"Samahani, Afande. Huo mfumo unaoendesha kompyuta hii una miaka kumi na saba. Waliouunda wenyewe walishautelekeza. Hauna kinga yoyote, virusi vinaingia na kutoka vinavyotaka."

"Kompyuta hii haijawahi kuunganishwa kwenye mtandao."

"Hata kama. Sisi tuko wanne hapa. Daftari tunaligawa bure kwa zahanati na hospitali. Kila tukiongeza kitu, tunakijaribu kwenye mifumo mipya, halafu tunaanza upya kwenye huo wa kale, na huo wa kale ndio unaokwama kila mara. Nusu ya mwaka wetu ilikuwa inaishia hapo. Tukakata shauri, basi. Na hatukumwonea mtu, tulitangaza miaka miwili kabla."

"Mlitangazia wapi?"

"Kwenye tovuti yetu."

Msimamizi alilisikia jibu lake mwenyewe, akaishusha miwani machoni.

"Na tulihesabu," akaongeza haraka. "Daftari likifunguliwa hututumia ujumbe mfupi kusema liko kwenye mfumo gani. Tulihesabu mwezi mzima. Waliobaki kwenye mfumo wa kale walikuwa sifuri. Wewe ungeendelea kubeba mzigo kwa ajili ya sifuri?"

"Huo ujumbe unapita wapi?"

"Kwenye mtandao." Alipomaliza kusema, akaitazama tena ile picha.

Inspekta aliandika neno sifuri kwenye kijitabu chake na kulipigia mstari. "Mngeliacha toleo la zamani lijiendee. Kwa nini kulifunga?"

"Tuliogopa. Tulisema likibaki bila mtu wa kulitunza, siku moja litatoa majibu ya ovyo, mgonjwa ataumia, na lawama zitatuangukia sisi. Tukaona heri likatae kufunguka."

"Kuna mtu aliyewaandikia kuwaomba msifanye hivyo?"

Msimamizi alitafuta kwenye barua pepe, akijipa matumaini kwa sauti kwamba hakuna, hakuna, hakuna. Halafu akaacha kuongea. Zilikuwa tatu, zote za mtu mmoja, zimetumwa kwa simu ya mkononi.

"Soma."

"'Mimi ni fundi wa maabara. Mashine yangu ya kupima damu inasikilizana na mfumo huu peke yake, na kampuni iliyoitengeneza imekwisha kufunga milango. Nikibadili mfumo, mashine inakuwa bubu. Mashine ikiwa bubu, wagonjwa wangu itabidi waende safari ya siku nzima. Naomba mtuvumilie, hata mwaka mmoja.'"

"Mlijibu?"

"Tulijibu."

"Nani alijibu?"

"Mimi."

"Soma na hiyo."

Shingo ya Msimamizi ilianza kulowa jasho ingawa madirisha yalikuwa wazi. Wenzake watatu walikuwa wameacha kubofya vibonye, kila mmoja akitazama kioo chake kwa bidii isiyo ya kawaida.

"'Mzee, hata gari la babu yangu tulilipeleka skrepa. Sasisha tu.'" Akashuka mstari mmoja chini. "Halafu nikaweka kile kikatuni cha uso unaocheka."

"Ulidhani anatania?"

"Sikudhani kitu, Afande. Nilikuwa na barua mia moja siku ile. Hii ilinichekesha."

Inspekta akauliza alilojia. "Mtu akitaka lifunguke Juni, atafanyaje?"

"Njia ni moja. Programu yenyewe haijui leo ni lini, inaiuliza kompyuta. Ukirudisha kalenda ya kompyuta nyuma ya Desemba, Daftari linafunguka kama kawaida. Ulipoiwasha uliikuta na tarehe gani?"

Hapo ndipo Inspekta alipohisi uso unawaka. Alikuwa ameiona. Pembeni ya kioo, jana ile, palikuwa na tarehe ya mwaka jana, na yeye, Nukta wa watu, alimgeukia karani wa vielelezo akasema betri imekufa hiyo, weka tarehe ya leo, sitaki picha zenye tarehe ya uongo kwenye jalada langu. Hakuandika popote. Kielelezo kikubwa kuliko vyote katika kesi ile alikifuta yeye mwenyewe, tena akijiona hodari.

"Nilikuta tarehe," alisema. "Nikaisahihisha."

Msimamizi hakuthubutu kumtazama. "Naomba twende wote," alisema. "Nitakufungulia mwenyewe."

Chumba cha vielelezo kilikuwa nyuma ya kituo, na kukifikia ilibidi kupita mapokezi. Kwenye benchi la mapokezi alikaa binti wa Babu Darubini, mshonaji mwenye utepe wa kupimia shingoni, ambaye kwa siku sita alikuwa akimletea baba yake shati safi. Alisimama alipomwona Inspekta.

"Afande, shikamoo. Baba ameniambia hakuigusa ile karatasi. Na akisema hakuigusa, ujue hakuigusa. Mimi amenilea peke yake, namjua."

"Marahaba. Nimekusikia, mama," Inspekta alijibu, akapita upesi kuliko ilivyohitajika.

Kabla ya kuwasha chochote alifungua kitabu cha vielelezo akaandika, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba jana aliamuru tarehe ya kielelezo namba tatu ibadilishwe na kwamba tarehe ya awali ilikuwa ya mwaka mmoja nyuma. Karani wa vielelezo alisoma akichungulia juu ya bega lake.

"Tuiache hivyo hivyo, Afande? Mkuu wa kituo ataiona."

"Hivyo hivyo."

Msimamizi alirudisha kalenda mwaka mmoja kamili. Daftari likafunguka bila kinyongo. Akaandika jina la marehemu, na kwenye kioo yakatokea majibu mengi, kwa sababu mwalimu wa udereva alikuwa mtu wa mpango. Darasa lake jipya lilianza kila tarehe kumi na tano ya mwezi, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu alikwenda kupima tarehe kumi na nne, siku yake ya mapumziko. Tarehe kumi na nne Juni, mwaka jana, ilikuwa na majibu mawili.

"Mawili siku moja?" Inspekta aliinama.

"Si siku moja. Angalia namba ya mfululizo, hapa chini. Hili ni la elfu nne mia moja. Hili ni la elfu tisa mia nane. Katikati yake umepita mwaka mzima. La kwanza ni la mwaka jana kweli. La pili ni la mwaka huu, limevaa tarehe ya mwaka jana kwa sababu ya ile kalenda."

La kwanza lilisoma ishirini na sita. La pili lilisoma mbili nukta nane. Sukari ya mwanamke yule haikuwa imepanda hata kidogo. Ilikuwa imeshuka, na wakamchoma sindano ya kuishusha zaidi. Babu Darubini alikuwa amepima damu, na alikuwa amepima sawasawa.

"Printi nakala ya majibu yake ya tarehe hiyo," Inspekta aliagiza.

Msimamizi akaomba kwa jina na tarehe. Printa ikakoroma, ikatoa karatasi moja. Ishirini na sita.

"Linachukua la kwanza linalokutana nalo," alisema kwa sauti ya chini. "Sisi ndio tuliolifundisha hivyo. Hatukuwahi kufikiri mtu mmoja atakuwa na Juni mbili ndani ya mwaka mmoja."

Inspekta alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya masijala ya hospitali, waokote karatasi kumi zozote za maabara za tangu Januari na wamsomee. Zote kumi zilikuwa na mwaka uliokatwa kwa kalamu. Ya pili ilikuwa ya nesi wa zamu ile, ambaye maelezo yake ya kwanza yalisema tu kwamba karatasi ililetwa wodini. Ililetwa mara ngapi? Nesi alisikika akifunga mlango.

"Mara mbili," alijibu mwishowe. "Ya kwanza niliimwagia chai kabla sijaisoma. Vile vijiti vya kupimia sukari kidoleni vilikuwa vimetuishia, nikampigia Babu anipe nakala nyingine. Niliona aibu kusema, Afande. Mtu kafa, mimi niseme habari ya chai?"

Alipokata simu, Msimamizi alikuwa bado amesimama mbele ya kompyuta, mikono nyuma. "Maelezo yangu niandike kwamba tulikosea?"

"Andika mlichofanya. Na zile barua uziambatanishe, zote, pamoja na hicho kikatuni."

Babu Darubini aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na shati lililopigwa pasi na viatu visivyo na kamba. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyotulia. Siku sita zote jibu lake lilikuwa moja, kwamba hajawahi kubadili tarehe ya karatasi yoyote. Inspekta hakuuliza tena. Alimwambia alichokikuta.

Mzee aliinamisha kichwa. Mabega yalimshuka kama ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Kumbe umejua," alisema. "Basi, ndiyo. Kila asubuhi nahakikisha kompyuta iko mwaka jana, na kila karatasi ikitoka naikata mwaka kwa kalamu. Nimefanya hivyo tangu Januari. Wakaguzi walipokuja niliwaambia mitambo yote ni mizima. Ningesema kweli wangefunga maabara siku ile ile."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningeanzia wapi? Miaka thelathini na moja naambiwa mimi ndiye fundi anayeaminika. Nikuambie kila karatasi iliyotoka mkononi mwangu mwaka huu ina tarehe niliyoibandika mwenyewe? Niliona aibu." Akainua uso, na sauti ikapata nguvu. "Lakini sikiliza, Afande. Za mwaka huu nimesahihisha, nakubali. Ile ya marehemu, yenye ishirini na sita, sikuigusa. Ile ni ya mwaka jana, na ya mwaka jana naijua, namba iko pale chini. Mimi haiwezi kunipita. Kuna mtu aliichukua akaiga mkono wangu. Mtafuteni huyo."

Aliyasema akimtazama usoni, na Inspekta aliona kwamba mzee huyu anaamini kila neno. Angeweza kumwachia hapo. Shtaka la uvivu na udanganyifu lilikuwa limekufa tayari. Lakini mume wa marehemu alikuwa akiuliza kila siku nani aliandika mwaka ule, na jalada lisingeweza kumjibu kwa kumtaja mtu asiyekuwepo.

"Nisaidie jambo moja," alisema. Akaweka mezani karatasi kumi na mbili za wagonjwa mbalimbali, zilizotoka kwenye printa saa ile, na kalamu. "Zifanye kama unavyozifanya asubuhi, wodi zikikusubiri. Mashine yako ile, ikiharibika ulikuwa unaitengenezaje?"

"Aa, ile!" Mzee alivuta karatasi karibu, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe alitabasamu. "Ile ina mrija mmoja msumbufu, ukiujua huo umemaliza." Akaeleza habari za mrija, na mkono wake ukafanya kazi peke yake, kata, andika, geuza, kata, andika, geuza. Ulikuwa mkono mwepesi, wenye mazoea. Inspekta alimwuliza juu ya vipuri, juu ya umeme unaporuka, na kila swali lilimchoma yeye mwenyewe zaidi, kwa sababu alijua anachofanya na mzee hajui.

Karatasi zilikwisha. Inspekta akavuta ya saba, akaigeuza, akaisogeza upande wa pili wa meza.

"Soma namba ya chini, Babu."

Alisoma. Elfu tatu mia tisa na kumi. Akaisoma tena, kidole kikifuata tarakimu moja moja. Karatasi ile ilikuwa ya mwaka jana kweli, tarehe yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na juu yake, kwa wino ambao haujakauka vizuri, mwaka ulikuwa umekatwa na kuandikwa mwaka huu.

"Ni mimi," alisema Babu Darubini.

Inspekta aliirudisha karatasi pamoja na zile kumi na moja.

"Siku sita nimelala pale ndani nikimlaani mtu aliyeiga mkono wangu. Nimemwombea mabaya na watoto wake." Aliiweka kalamu mezani, akaisukuma mbali. "Afande, ungeniacha tu niwe mwongo. Mwongo angalau anajua alichokifanya."

"Nami nina langu," Inspekta alisema, na sauti yake haikuwa ya kituoni. "Kompyuta yako ilipoletwa hapa ilikuwa mwaka jana, kama ulivyoiacha. Nikaamuru irudishwe kwenye tarehe ya leo. Nilifuta ushahidi wako kwa mkono wangu, kwa sababu niliona kitu hakijakaa sawa nikakinyoosha."

Mzee alimgeukia. "Hukuangalia?"

"Sikuangalia."

"Namba ilikuwa pale pale chini," alisema mzee, na haikueleweka anamwambia Inspekta au anajiambia mwenyewe.

Inspekta alijaza fomu ya kumwachia. Alimweleza kwamba kughushi hakutakuwepo kwenye mashtaka, kwamba hospitali na wale wa programu nao wataulizwa yao, na kwamba kesho atakwenda kwa mume wa marehemu kumweleza yeye mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na lile la tarehe. Babu Darubini aliitikia kila sentensi kwa kichwa bila kuonekana kusikia. Aliomba kitu kimoja, apewe dakika chache kabla binti yake hajaitwa. Lakini habari kituoni hazina breki, na askari wa mapokezi alikwisha kumnong'oneza yule binti kwamba baba yake anaachiwa.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Binti aliingia mbio, shati la kesho mkononi, machozi na kicheko vimemjaa usoni kwa pamoja, akamkumbatia baba yake shingoni pale pale alipokaa.

"Niliwaambia!" alisema, akimgeukia Inspekta. "Niliwaambia wote, kila siku! Baba hakuigusa ile karatasi!"

Mzee alimshika mikono yote miwili, akaitoa shingoni mwake taratibu. Inspekta aliinuka ili atoke nje, lakini mzee akamwashiria abaki.

"Niliigusa, mwanangu," alisema. "Kaa nikueleze."